Leo Usiguse Karai

Khamron alikuwa na nguzo nane za zege, na kila moja aliinunua kwa jasho la matairi. Kazi yake ilikuwa kufungua na kuziba matairi ya malori kwenye barabara kuu ya kwenda Korat. Kila alipobakiwa na kitu hakunywa pombe wala hakucheza bahati nasibu. Alinunua nguzo moja, akaisukuma kwa toroli mpaka nyumbani kwa mama mkwe wake, akailaza nyuma ya nyumba kando ya ua. Ilimchukua miaka sita kufikisha nane. Nguzo nane zinatosha kusimamisha nyumba ya mtu na mkewe. Kilichokosekana ni kiwanja, na kiwanja alichokitaka ni hicho hicho zilipolala.

Kiwanja kilikuwa cha mama mkwe mwenyewe, Chaluai. Aliacha maboga yake yatambae juu ya nguzo, na palipokuwa wazi akaanika pilipili. Jirani akimuuliza nguzo ni za nani, alijibu kwa sauti ya kufika nyumba ya tatu: "Kitu kilicholala kwangu ni changu. Siku kikisimama tutaongea."

Usidhani alikuwa na sababu kubwa ya kumchukia. Chuki yenye sababu ina dawa. Khamron alikuja kutoka mkoa wa Surin na begi moja na jogoo wa kupigana, akaingia katika nyumba ya mke kama mila inavyotaka, maana kwa watu wa Korat mwanamume ndiye anayehamia ukweni. Siku ya tatu Chaluai akamchinja yule jogoo, akamchemsha kwa mchaichai, kisha akasema alidhani ni kuku wa mboga. Khamron alikula. Alikula mpaka mwisho, akashukuru, na tangu siku hiyo wawili hao walijuana vizuri sana.

Kwa jina Chaluai hakumwita tena hata mara moja. Alimwita "hili". Hili limeamka? Hili limeoga? Wageni wakija aliwaambia, "Kwao Surin wanafuga tembo, ndiyo maana hili halijui kutembea ndani ya nyumba za watu." Wageni walicheka kwa adabu, na Khamron alizidi kuinama juu ya sahani yake.

Mwaka wa tatu kifundo cha mkono wa Chaluai kikaanza kuuma, karai likamshinda kunyanyua. Pikun, mke wa Khamron, alikuwa kiwandani akikata kuku kwa zamu. Orathai, mdogo wake, alikuwa Bangkok akiuza rangi za midomo. Nani awashe jiko? Likawashwa na Khamron. Hakuna aliyemfundisha. Chaluai alipokuwa akipika alimpa mgongo kusudi, asione. Basi Khamron alisikiliza. Kwa miaka mitatu aliosha vyombo nyuma ya mgongo ule, akajua kwa masikio ni wakati gani kitunguu saumu kinanyamaza, na sukari guru inalia vipi inapokaribia kuungua. Mtu anayechukiwa hujifunza mengi, kwa kuwa hana wa kupiga naye soga.

Na tambi zake zikawa tamu. Nasema tamu kwa maana ya kukomba sahani. Tambi kavu za Korat, nyembamba, zenye wekundu wa pilipili na ukwaju, alizipika kwa dakika kumi baada ya kutoka kazini, hata kabla ya kunawa vizuri mafuta ya gereji. Chaluai aliujua utamu wake, na kwa hiyo kila siku, kabla ya kutia hata uzi mmoja mdomoni, alichukua chupa ya maji ya samaki, yale ya chumvi kali ya kuungia chakula, akamiminia mara tatu. Katika duka la tambi kila mtu hutia atakacho na muuzaji hanuni. Nyumbani, kutia kabla ya kuonja ni sawa na kumtemea mpishi mate. Khamron aliyahesabu yale mate kila jioni.

Kisha Orathai akarudi kutoka Bangkok na mchumba. Thanin, karani wa ofisi ya wilaya, mwenye mshahara wa serikali na gari jeupe. Chaluai alikosa usingizi kwa furaha. Tatizo lilikuwa mama wa Thanin, mjane anayeitwa Payom, mwanamke mfupi mwenye macho ya kupekua watu mifukoni. Ili amlainishe, Chaluai akaanza kumpelekea chungu cha tambi kila siku ya ibada. "Amepika Orathai," alisema. Khamron alipika, Chaluai alibeba, Orathai alisifiwa. Ikawa hivyo miezi mitatu.

Katika furaha hiyo, Chaluai alitoa neno. "Siku posa ya Orathai ikikubaliwa," alimwambia Pikun, "kichukueni hicho kiwanja msimamishe hivyo vijinguzo vyenu, mimi nisiamke tena nikaona uso wa hili." Si jambo la ajabu, kwa desturi mkwe wa kwanza humpisha wa pili. Lakini Pikun alimjua mama yake. Alikwenda mbio kumwita mke wa mwenyekiti wa kijiji aje kusikia, na Chaluai akalirudia neno lile mbele yake bila kupunguza kitu, pamoja na lile la uso.

Asubuhi ya siku ya posa, Pikun alikuwa akivaa mabuti ya kiwandani huku akimtazama mumewe kwa wasiwasi.

"Leo usiguse karai," alisema.

"Nilishike la nini? Chungu nimepika jana, Orathai atapasha moto tu."

"Nakwambia usiguse. Nakujua. Wenzako wana kiburi cha ukoo, wengine cha sura. Wewe kiburi chako kiko kwenye karai. Mama akikutukana, nyamaza. Akikuita tembo, kuwa tembo. Posa ikipita, Jumapili tunachimba mashimo ya nguzo."

"Nitakuwa tembo," Khamron akasema, na alisema kwa moyo wake wote.

Saa nne wakafika Payom na kaka yake mkubwa, Thongyod, mzee mnene aliyeletwa aseme maneno ya posa. Khamron alikuwa ameshaamriwa kwenda nyuma asionekane. Alikaa juu ya nguzo ya nne, akavunja vikonyo vya pilipili za mama mkwe wake na kuzitupa kwenye ungo. Kutoka hapo hadi jikoni palikuwa na hatua sita, na jiko la nyumba ile halikuwa na ukuta upande wa nyuma, ni bati juu na nguzo za mti.

Payom hata hakuketi vizuri. Alifunua chungu, akachungulia, akakifunika.

"Hizi za lini?"

"Amezipika mapema, dada," Chaluai akasema.

"Mapema ya jana. Sikuvaa hariri kuja kula kiporo. Tambi ni kazi ya dakika kumi. Binti apike, nami nikae jikoni nimtazame. Nataka niuone huo mkono ulionilisha miezi mitatu."

"Dada yangu, jikoni kuna moshi."

"Nimezaliwa kwenye moshi. Twende, mkwe wangu."

Orathai akaingia jikoni na kucha zake ndefu za Bangkok. Akafunga aproni, akaifungua, akaifunga tena. Kwa woga akaanza kuimba chini chini.

"Usiimbe jikoni, utaolewa na mzee!" Chaluai akamkaripia.

"Asiogope," Payom akasema, "mwanangu ana thelathini na moja tu."

Orathai akachukua fungu la tambi. Akachukua beseni. Akajaza maji mpaka nusu, akazitumbukiza tambi zote ndani, akazikandamiza kwa viganja viwili kama anayefua.

Huko kwenye nguzo, kikonyo cha pilipili kilimponyoka Khamron vidoleni. Toa, akasema moyoni. Toa haraka. Tambi za Bangkok huloweka, wala hatuwalaumu, ndivyo zilivyo. Tambi za Korat hutoka kwenye fungu zikiwa kavu zikaingia kwenye mchuzi unaochemka, zinywe humo humo. Ukiziloweka umepika uji. Jambo hili mtoto wa Korat halifundishwi, analijua kabla hajajua kufunga viatu.

Payom aliziangalia tambi zikivimba. Aliziangalia kwa muda mrefu, mikono mapajani.

"Unafanya nini, binti?"

"Nazilainisha, Mama."

"Unazilainisha." Payom akageuza kichwa. "Kaka! Acha hiyo soda, njoo ushuhudie. Mtoto wa Korat analoweka tambi."

Mzee Thongyod akaja, akatazama beseni, akatikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa maiti. Orathai akaanza kulia. Na hapo Chaluai, ambaye hajawahi kukosa mtu wa kumtupia kosa, akanyoosha kidole kwenye maboga.

"Ni hili! Hili ndilo limemharibu mwanangu! Asubuhi nzima linampigia kelele, loweka, loweka. Upuuzi wa Surin huo, wa kulisha tembo!"

Macho yote yakamgeukia Khamron. Payom akamwita kwa kidole, naye akasogea hadi ukingoni mwa jiko na pilipili mkononi.

"Ni kweli, kijana? Wewe ndiye uliyemwambia?"

Sasa nisikilize. Mtu yule alijibu vizuri. Aliinamisha kichwa, akakutanisha viganja, akasema, "Ndiyo, Mama. Kosa ni langu. Binti alinitii kwa heshima tu." Alikuwa tembo kamili. Uso wa Payom ukaanza kulegea. Mzee Thongyod akasema basi, mambo madogo hayo, tumalize posa, tambi tutakula siku nyingine. Jumapili na mashimo yake ilikuwa imesogea karibu kabisa, na Khamron aliihisi.

Kama Chaluai angefunga mdomo wake hapo, kila mtu angepata alichokitaka. Lakini mwenye chuki akishinda hajui kuondoka uwanjani.

"Mnaona?" akasema, akicheka kwa kumwonyesha Payom. "Miaka sita limo humu ndani, halijawahi kupika kitu mtu akakimeza. Hata maji ya moto linayaunguza hili!"

Khamron akaweka pilipili chini. Alimkumbuka mkewe, simtetei, alimkumbuka vizuri, pamoja na mabuti yake. Kisha akayakumbuka yale maji ya samaki, mara tatu kila jioni, kwa miaka mitatu.

"Shemeji," akamwambia Orathai, "sogea."

"Shemeji, tafadhali..." Orathai akanong'ona, lakini alisogea upesi, na usoni alikuwa na nafuu ya mtu aliyetuliwa mzigo.

"Hili linafanya nini?" Chaluai akapiga kelele. "We! Toka jikoni kwangu!"

Khamron akamwaga beseni lote uani, bata wakaja mbio. Akanawa mikono. Akafungua gesi mpaka mwisho, karai likaanza kutoa moshi, akatupa nyama ya nguruwe yenye mafuta mengi na kuiacha ikamuke mafuta yake yenyewe. Vitunguu vidogo vyekundu, kisha kitunguu saumu. Akangoja kinyamaze. Kijiko cha soya iliyovundikwa, pilipili ya unga, na hapo Payom akapiga chafya mara mbili bila kuondoa macho. Ukwaju. Sukari guru. Maji ya samaki, kutoka kwenye chupa ile ile ya matusi, akayamimina huku akimtazama mama mkwe wake machoni. Kikombe cha maji. Mchuzi ukapanda povu jekundu.

Akachukua fungu jingine, akazitia tambi, kavu, mzimamzima, akazigeuza kwa koleo la chuma mpaka zilipolegea na kuunywa mchuzi wote. Ilibaki hatua ya mwisho, ambayo hata Chaluai hakuwa nayo: kuziacha zitulie kwenye kitako cha karai kwa pumzi tano, zishike rangi kidogo, ndipo uzikwangue.

Hapo akili ikamrudia. Pumzi tano zilikuwa tamu. Kumi zingekuwa makaa. Angehesabu kumi tu, Payom angetema, Chaluai angecheka, Orathai angesamehewa, posa ingepita na nguzo zingesimama. Hakuna ambaye angejua ila yeye. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Mkono wake ukakwangua. Haukungoja ruhusa yake. Akatupia choroko zilizochipua na majani ya vitunguu, akageuza mara mbili, akapakua.

Payom alikula amesimama. Alikula uzi wa kwanza polepole, halafu hakula polepole tena. Alipomaliza alikwangua kile cha chini kilichoshika rangi, akakitafuna, akaweka sahani.

"Miezi mitatu, Chaluai," akasema. "Miezi mitatu unaniletea chungu cha hili, unaniambia ni cha binti."

Chaluai akafungua mdomo. Kwa miaka sita Khamron alikuwa ameota kuuona mdomo ule wazi na mtupu, na sasa alisimama akiuangalia kwa raha isiyo na haya.

"Nilipaswa niondoke," Payom akaendelea. "Lakini tusidanganyane, hata mimi nimesema uongo. Thanin ana thelathini na minane." Orathai akaacha kulia akashtuka. "Tena ana vidonda vya tumbo, na mwanangu ndiye anayehamia hapa, si binti yako anayekuja kwangu. Kwa hiyo sikuja kutazama sura, nilikuja kutazama sahani. Kwa binti anayeloweka tambi, mwanangu simleti. Lakini humu ndani pana mpishi. Mpishi akibaki, posa imekubaliwa. Akihama, sisi tunakwenda zetu, na chungu chako kile usikilete tena."

"Anabaki!" Chaluai akasema kabla mwenzake hajafunga mdomo. "Nani alisema anahama? Haendi popote!"

"Mama," Khamron akasema. Raha yote ilikuwa imemtoka. "Mama, ulitoa neno. Mbele ya mke wa mwenyekiti."

"Nilisema posa ikikubaliwa. Imekubaliwa kwa sharti ubaki. Nenda kamuulize mwenyekiti, na mkewe, na tembo wa kwenu."

Mzee Thongyod, ambaye alikuwa amejipakulia mwenyewe, akauliza kwa mdomo uliojaa, "Na gari la kijana litalala wapi? Jua la hapa litaliua rangi."

Chaluai akageuka taratibu kuelekea kwenye maboga. Alimtazama mkwe wake kwanza, kwa muda wa kutosha, ili asipitwe na kitu.

"Hapo nyuma," akasema. "Tutalijengea banda. Nguzo zipo tayari, nane." Kisha akaketi mezani, akavuta chupa ya maji ya samaki karibu yake. "Khamron," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza tangu jogoo, "nipakulie na mimi."

Akampakulia. Chaluai akamiminia mara tatu kabla ya kuonja.

Pikun alirudi saa kumi na moja, akinuka kuku na sabuni. Hakuhitaji kuambiwa. Maboga yalikuwa yameng'olewa, na mzee Thongyod alikuwa ameshafunga kamba ya kupimia kutoka kijiti hadi kijiti, upana wa gari jeupe. Nguzo mbili zilikuwa zimeshaviringishwa pembeni. Alisimama akaitazama ile kamba. Kisha akaja jikoni, akavua mabuti, akaketi sakafuni mbele ya mumewe bila kumtazama.

Khamron akamwekea sahani ya mwisho. Pikun alikula yote, pamoja na kile cha chini, akaiweka sahani tupu kati yao.

"Ni tamu," akasema. "Ulishindwa nini kuziunguza?"